Kifua Kitupu

Kabla hawajaenda kwa mwenye kampuni ya santuri
wanapanda ngazi zangu, mia na kumi na mbili,
mtaa wa Independencia, Monterrey yote chini,
moshi wa viwanda vya chuma, na ule mlima
uliokaa kama tandiko linalosubiri farasi.
Nawasikia wakihema mlangoni. Wanne. Daima wanne.
Vueni kofia, nawaambia, nyoosheni mikono,
tepu haimwonei mtu haya.

Mwaka wa sabini na nne alikuja Abundio Cantú,
mpiga kodiani, miaka kumi na tisa,
mwembamba kama uzi usiotiwa nta.
Nicanor wa gitaa. Librado wa ngoma.
Wa besi jina nimelisahau, kiuno nakikumbuka:
inchi arobaini na nne.
Walikuwa na pesa za makoti matatu.
"La nne tutalipa santuri ikitoka."
Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa na meno yangu yote.

Mwenye kampuni amewaambia:
"Sauti mnayo, sura hamna. Mnunuzi hununua kwa macho."
Basi wakataka mahameli nyekundu,
wakataka majogoo wawili wakipigana kifuani, kwa shanga.
Abundio hakusema. Alivaa buti za kaka yake,
zimejazwa magazeti vidoleni;
kila akipiga hatua
habari za wiki iliyopita zilinong'ona.

Wenzako sawa, nikasema. Wewe vaa kodiani nione.
Akaivaa. Nikaona.
Kifua chote kimemezwa.
Mivukuto inafunguka, inajifunga, inang'ata;
wimbo wa pili tu, shanga zingemwagika jukwaani
kama mahindi mbele ya kuku,
na jogoo wangu angebaki bila macho.

Nakshi nikamwekea mgongoni.
Mgongoni, na mikononi hadi kwenye kiwiko,
pale mkono unapovuta.
Usiku tisa. Subana ilitoboka.
Kifua nikakiacha mahameli tupu.
Nikamwambia: watakuona ukigeuka. Basi ujue kugeuka.

Nilikuwa nimefikiria dansi.
Sikufikiria picha.

"Weka chini hilo sanduku," mpiga picha akasema, "linakuficha."
Wanne mbele ya pazia la bluu:
watatu wanawaka kama madhabahu ya Desemba,
na Abundio katikati,
kama ukuta ulioondolewa picha ya marehemu.
Nilikuwa nyuma ya taa, pini mdomoni,
nusura nizimeze.
Hakujua mikono aipeleke wapi.
Mpiga kodiani bila kodiani
ni mtu aliyevuliwa mbavu.
Akauweka mkono wa kulia juu ya moyo,
si kwa mapenzi, si kwa bendera:
kuficha pale nilipopaacha.
Taa ikalipuka.

Santuri ilitoka. Upande wa pili ulikwaruza.
Iliuzika kiasi, kituo cha basi, sokoni, hata Laredo.
Koti la nne sijalipwa hadi leo.

Lakini kufika Machi ngazi zikaanza kuhema tena.
Vijana wa Linares, vijana wa Cadereyta,
mmoja hata hapigi kitu, anaimba tu,
kila mtu na jalada kwapani, kidole juu ya Abundio:
"Hivi. Kifua kitupu. Na mkono unawekwa vipi hapa?"
Na mgongoni je, nikauliza.
"Mgongoni? Kwani mgongoni kuna nini?"
Nikalamba uzi, nikatafuta tundu la sindano.
Niliwatoza bei ya nakshi.

Ni Librado peke yake, siku alipoleta suruali ipunguzwe,
aliyesimama kidogo mlangoni, kofia mkononi.
Yeye hukaa nyuma, na ngoma zake.
"Nawaona kila usiku, mama," akasema.
"Yule wa kushoto anakaribia kushinda."